Maharagwe Ndani ya Kopo

Maharagwe yakimiminwa ndani ya kopo tupu la maziwa hulia kama mvua inayoanza juu ya mabati. Kwangu mlio huo ndio gardienne, chekechea ya chumba kimoja niliyosoma pale mtaani Kasha, na hadi leo nikiusikia sokoni mikono huniwasha. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Nilipanda meza, nilimwaga maji, nilikimbilia barabarani. Mama alisema nimezaliwa na pilipili makalioni. Baba, mtu wa samaki mkunje angali mbichi, alikata shauri: shule ikishindwa kunituliza kabla ya Pasaka, nitapelekwa kwa shangazi kijijini Luhwindja. Shangazi alijulikana kwa fimbo yake. Nilimwogopa sana, na hofu ikanizidishia utukutu.

Maman Furaha, mwalimu wetu, hakunifokea. Alinipa makopo mawili na maharagwe ya rangi mchanganyiko: mimina, rudisha, tenga mekundu, tenga meupe. Wenzangu walifinyanga udongo au kuimba wakipiga makofi, mimi nilimimina. Mwanzoni yalitapakaa sakafuni. Niliyaokota kwa hasira, nikaanza upya, na polepole vidole vikajifunza kungojana.

Siku moja baba alifika bila taarifa, akaona ninachofanya, akawaka. Hayo nilisimuliwa baadaye, maana mimi sikusikia kitu.

"Mutoto nilimuleta asome, haiko kukuchagulia maharagi ya kupika!"

"Papa, muite kwanza," Maman Furaha alimjibu.

Baba aliniita. Akaniita tena kwa jina langu lote, lile la kunitisha. Sikugeuka, yalikuwa yamebaki meupe machache. Baba akaegemea mlango, akangoja nimalize. Luhwindja haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Leo nina mwana wa miaka mitatu, na damu yake ni yangu. Shule yake ina kuta za rangi na kibao cha kupendeza. Tangu asubuhi hukalishwa kwenye benchi, kalamu mkononi, aandike herufi ambazo vidole vyake bado haviziwezi. "Papa, mutoto wako hajue kuikala," mwalimu wake huniambia kila wiki. Nimechoka kuitwa, na nina hasira, kwa sababu ugonjwa huo naujua na dawa yake ni makopo mawili. Jana nilienda tena, nikasimama mlangoni kama baba alivyosimama. Sikuwa na haja ya kumwita mwanangu. Macho yake yalikuwa pale mlangoni kabla yangu, yakitafuta pa kutokea.