Fundi wa Makochi na Kesho Yenye Kero

Jua halijagusa bati la karakana, lakini Twiga tayari amepiga magoti mbele ya kochi lililopinduliwa miguu juu. Ana koleo mkononi, anang'oa misumari ya kitambaa cha zamani. Vumbi linampanda puani, anapiga chafya, analilaani kochi la watu, anaendelea. Kisha anaanza kusema peke yake.

"Jumapili. Bomba la jikoni linavuja, nimekinga ndoo. Binti kalala mpaka saa tatu, namwamsha, hataki…"

Mteja aliyesimama mlangoni macho yanamtoka. Fundi mbao anayechonga fremu pembeni hainui hata kichwa.

"Mwache, Twiga kaenda kesho," anamwambia mteja. "Akirudi atakupimia."

Jina hilo alipewa gerezani, kwa sababu akilala miguu ilikuwa inazidi mkeka na kumpiga teke jirani. Ana miaka thelathini na minane. Kumi na minne kati ya hiyo aliimalizia kwenye unga wa kulevya, na amefungwa mara mbili, zote kwa wizi. Kitu cha mwisho alichoiba kabla ya kifungo cha kwanza ni godoro la binti yake wa kumzaa, mtoto akiwa shuleni.

"Nililibeba kichwani mchana kweupe," anasema. "Majirani wakanisaidia kulifunga kamba. Walidhani nahama."

Ufundi wa makochi aliupata huko huko ndani. Na huko ndani ndiko alikokutana na nesi mstaafu aliyekuwa akija kuzungumza na wafungwa walioathirika na dawa za kulevya. Nesi aliwauliza swali moja: mtakapotoka, siku yenu itakuwaje?

"Wengine wakasema ghorofa, wengine gari," Twiga anakumbuka. "Mimi nikasema vyote viwili, kwani nalipia?"

Akatoka na ghorofa lake kichwani. Kila asubuhi akiamka kwenye chumba cha kupanga analitazama lilivyo mbali, anajiona kachelewa maisha yote. Mtu aliyechelewa hivyo, anauliza, ajizuie ya nini? Miezi miwili haikuisha. Akarudi kwenye unga, unga ukamrudisha kwenye wizi, na wizi unajua njia ya gerezani hata gizani.

Awamu ya pili, nesi yule hakumhurumia.

"Ghorofa lako halina hata choo kilichoziba," alimwambia. "Kesho isiyo na kero ni ya uongo, mwanangu. Nitajie siku ambayo kitu kinakuudhi, na wewe bado mzima."

Ilimchukua muda mrefu. Cha kwanza kukiona kilikuwa bomba linalovuja. Kisha ndoo. Kisha mtoto anayelalamika kwamba chai ni ya moto. Siku hizi, kiu ya unga ikimpanda, anaisimulia siku hiyo kwa sauti, kero moja baada ya nyingine, mpaka kiu ishuke.

"Si dawa, usiandike kwamba ni dawa," anaonya. "Kliniki nakwenda, na kikao cha wenzangu nakwenda. Hii ni fimbo ya kutembelea tu."

Analipwa kwa kila kochi, na wiki nzuri anamaliza seti moja. Haimtoshi, lakini inamweka mjini. Kilichomweka roho juu mwaka huu si malipo hayo. Ni binti yake, sasa ana miaka kumi na mmoja, anayelelewa na dada mkubwa wa Twiga, mpishi wa shule. Tangu Twiga atoke, dada humleta mtoto kwa Twiga kila Jumamosi, anakaa naye hapo hapo, kisha wanaondoka wote wawili. Mwezi huu dada alikubali kwa mara ya kwanza mtoto alale kwa baba yake, likizo nzima. Twiga akakusanya mabaki ya sponji na mbao, akamtengenezea kochi linalokunjuka kuwa kitanda. Rangi aliichagua mtoto mwenyewe kwa simu: zambarau.

Wiki iliyopita, Jumanne, alikuwa anavua kochi la mteja kitambaa. Akaingiza mkono kwenye kona ya ndani, kati ya springi na mbao, mahali ambapo mafundi hukuta vitana na funguo zilizopotea. Akatoka na kete tatu za unga, zimefungwa kwenye nailoni.

"Mkono ulizijua kabla ya macho," anasema. "Nikajaribu kusema Jumapili, bomba, ndoo. Wapi! Sikuona bomba wala mtoto. Niliona choo cha nyuma tu, kina komeo kwa ndani."

Alichoweza ni kupiga kelele. Mwenye karakana, wanayemwita Mama Kitambaa, akaja na chaki bado mkononi. Akazichukua, akazimwaga kwenye mtaro mbele ya wote, akazimwagia ndoo ya maji. Kisha akamwambia Twiga akae karibu naye ashone mito. Alishona mito mpaka jioni.

Hakuna aliyemlazimisha kumwambia dada yake. Mama Kitambaa alimshauri anyamaze: "Hukuvuta, hukuficha. Unamtafutia dada wa watu presha ya nini?"

Twiga alijaribu kuiona likizo akiwa na siri hiyo. Anasema aliona dada anaingia na mtoto, anatania, na yeye kainamia sakafu.

"Kila nikitaka kuinua kichwa kwenye hiyo kesho, hakiinuki. Nikapiga simu."

Dada anaelezea bila kupepesa macho. "Nilimshukuru kwa kusema. Kisha nikakataa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mdogo wangu nampenda, lakini mtoto si kipimo cha kupimia kama kapona. Asubiri likizo ijayo."

"Iliniuma jamani," Twiga anasema. "Nilitaka kumwambia, dada, si ungenipongeza kwanza!"

Hakusema. Aliomba apewe mtoto kwenye simu amweleze mwenyewe. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo ungenyamaza, ningekuja?"

"Ndiyo," baba akajibu.

Simu ikakatwa. Mpaka tunazungumza naye, binti hajapokea simu yake, na Jumamosi iliyopita dada alikuja peke yake.

Kochi la zambarau liko chumbani kwa Twiga, limefunikwa plastiki lisishike vumbi. Mama Kitambaa ameahidi kumpa kona ya karakana apokee wateja wake mwenyewe, na akipata hao, Twiga anataka kupanga vyumba viwili, kimoja cha mtoto.

Anaulizwa kama bado anaweza kuiona kesho.

"Naiona," anasema, akivuta uzi kwa meno. "Likizo ijayo. Anaingia, hanisalimii. Anasema zambarau siitaki tena, rangi ya kitoto. Analala kanipa mgongo."

Anaukata uzi.

"Na mimi nipo," anasema. "Nimekaa pale kwenye kiti, nanuniwa."