Mstari Ambao Haumo

Mimi ndiye niliyemfungia wifi yangu mlango wa mama yake, na nilimfungia kwa Biblia. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Jina langu liache. Wa Michenzani wakisoma hapa watanijua, na wakinijua sawa tu, aibu yangu nimeshaizoea.

Tunakaa ghorofa ya nne, mimi, mume wangu na mama mkwe. Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la viungo Kizimbani, anatoka alfajiri na kurudi jioni ananukia mdalasini. Kwa hiyo mchana kutwa tunabaki wawili, mimi na Mama, na Mama haoni. Sukari ilimla macho taratibu, mpaka akabaki anajua tu kama dirisha limefunguliwa au limefungwa.

Mama ni Mkristo wa hapa hapa Unguja. Baba yake ndiye aliyevuka kutoka bara kuja kufanya kazi kwenye karafuu. Yeye kazaliwa hapa, na Kiswahili chake ni cha mjini hasa. Alipokuwa anaona aliisoma Biblia yake mwenyewe kila siku baada ya chai. Alipoacha kuona, kazi hiyo ikawa yangu.

Nikwambie alivyokuwa akisikiliza. Yeye kwenye kiti karibu na dirisha, mimi kwenye mkeka, nasoma. Likifika neno linalomgusa, aliitika, "Naam." Hakusema amina, alisema naam, kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Akanambia, "Mtu akiitwa si huitika?"

Alikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyoniponza. Akiwa na jambo zito la kuamua, alitaka Biblia iwekwe mapajani mwake. Aliifungua mwenyewe popote, akashusha kidole kwenye ukurasa, na kilipotua alisema, "Hapo. Nisomee hapo." Mchungaji alishamwambia kwamba Biblia si ya kupigia bao wala ramli. Mama alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, akaendelea na kidole chake.

Sasa nije kwa wifi. Ni binti wa pekee wa Mama. Mwaka mmoja baada ya mimi kuolewa, alisilimu akaolewa na kijana wa Jambiani. Mama hakumlaani. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe aliondoka bila kuaga, na yeye habari alizisikia kwa majirani. Tangu hapo hawakusemezana. Wifi akawa mkulima wa mwani huko pwani, akazaa, na Mama hakuwahi kumtaja jina. Lakini kila nilipomsuka nywele alisema, "Mwanangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wako."

Hilo lilinichoma sana. Mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayemkata kucha, mimi ndiye ninayepandisha ndoo za maji ghorofa ya nne bomba likigoma, na sifa zinakwenda Jambiani.

Basi siku moja mume wangu akaja na ujumbe. Dada yake amempigia simu akilia, anataka kuja kumwomba Mama radhi. Na kama Mama ataridhia, amchukue akakae naye Jambiani kwa muda, ale samaki wabichi na apate upepo wa bahari.

Mama akasema, "Ngoja kuche kwanza." Asubuhi yake, mume wangu ameshatoka, akanambia, "Nipe kitabu."

Nikampa. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nazi, maana nilikuwa nimetoka kumpaka muda ule ule. Akafungua, akashusha kidole. "Hapo."

Nikatazama. Majina! Ukurasa mzima wa majina, fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, yale ambayo hata mchungaji huyaruka. Niliona hapo hakuna jibu. Ningemwambia tu, Mama, umeangukia majina, angecheka akafungua tena, na huenda angeangukia pazuri.

Lakini nilikuwa na hasira zangu. Nilimwona akilini mwangu wifi anaingia, analia dakika tano, anapokewa, na mimi na miaka yangu sita nageuka mtu wa kumbebea mizigo. Kwa hiyo nikasoma kitu ambacho hakikuwepo. Lugha ya Biblia naijua, nimelelewa kanisani. Nikatia "naye", nikatia "maana", ukatoka mstari huu:

"Naye atokaye nyumbani mwa mamaye kwa hiari yake, mlango usifunguliwe tena mbele yake, maana amekwisha kuchagua nyumba yake."

Nilishtuka mwenyewe jinsi ulivyotoka vizuri.

Mama hakuitika mara moja. Akauliza, "Kitabu gani hicho?" Nikamtajia mmoja wa wale manabii wadogo ambao hakuna anayewakumbuka. Akafunga Biblia, akabaki ameweka mkono juu ya jalada. Kisha akasema, "Naam."

Mume wangu aliporudi, Mama akamwambia, "Mwambie ndugu yako asije. Nshauliza, Neno limekataa."

Nilidhani yameisha. Kesho yake baada ya chai akataka nimsomee mstari ule ule. Nikababaika, nikabadilisha neno moja, akanirekebisha. Hapo nikaogopa. Nikauandika kwenye karatasi ya daftari, nikaichomeka kwenye ukurasa ule wa majina ili nisikosee tena.

Na kila siku aliuomba. Leo nadhani alikuwa akiutumia kujizuia. Moyo wake ulitaka kwenda Jambiani, na kila asubuhi alihitaji kuzuiwa upya. Mimi nikamzuia kila asubuhi, karibu mwaka mzima.

Masika yaliyofuata kikampiga kiharusi. Mwili ukarudi nusu, kumbukumbu hazikurudi. Akasahau jina langu, akasahau jina la marehemu mumewe, akawa anakula na kuuliza mbona hatujala. Hospitali wakanambia nimzungumzishe sana. Mimi si mtu wa mazungumzo, kwa hiyo nikamsomea.

Safari hii hakuna aliyenichagulia pa kusoma. Nikaanza na Injili, kutoka mwanzo, sura moja baada ya chai na nyingine alasiri. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya masikio yake, lakini yeye alisinzia, na aliyebaki kusikia ni mimi. Siku niliyofika kwa yule baba aliyemwona mwanawe kwa mbali akamkimbilia, nilirudi nikaisoma tena tangu mwanzo. Habari hiyo nimeisikia tangu shule ya Jumapili. Ila sikuwahi kuisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mama ambaye mwanawe nimemfungia nje.

Usidhani niliona nuru. Ilikuja polepole, na ilikuwa inaniudhi. Nikaacha kuyagonga masufuria nikikasirika. Nikashuka ghorofa ya tatu kumwomba radhi jirani niliyegombana naye kwa maji yanayovuja. Nikawa nashindwa kusema hata ule uwongo mdogo wa "niko njiani" na bado niko chumbani navaa. Nilijua kuna kitu kinabadilika ndani yangu. Nilikitaka, na nilikiogopa, kwa sababu nilijua kitanipeleka wapi.

Kilinipeleka kwa Mama. Nikapiga magoti, nikamshika mikono. "Mama, ule mstari haumo. Niliutunga mimi."

"Mstari gani?"

Nikataja maneno mawili tu ya mwanzo. Akaumalizia wote, bila kukosea. Jina langu limemtoka, jina la mumewe limemtoka, mstari wangu umebaki! Nikamwambia tena kwamba haumo. Akakunja uso.

"Usintoe kwenye Neno, mwanangu. Mimi si mtoto."

Nimeungama kwake mara nne mpaka leo. Kila mara ni mpya kwake, na kila mara ananikatalia upya.

Nikampigia simu wifi mimi mwenyewe, sikumtuma mtu. Akaja siku ya pili yake, amepanda ngazi zote na kikapu cha samaki, vidole vimechanika kwa kamba za mwani. Akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mama. Ni mimi."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti. Aliitambua, nina hakika. Halafu akamsomea mstari. Wote, polepole, kwa ile sauti yangu ya kusomea, na mwisho akajiitikia mwenyewe, "Naam."

Wifi akaweka kikapu chini akatoka. Nikamfuata kwenye ngazi, nikamweleza kila kitu, nikampa na ile karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Mwandiko wako mzuri," akasema.

"Nisamehe, wifi."

"Nkikusamehe mimi, yeye atanifungulia?" Akanirudishia karatasi. "Ungekuwa umeniibia kitu, ningekwambia nirudishie. Hiki utakirudishaje?"

Akashuka ngazi. Mume wangu nilimwambia jioni ile ile. Hakunipiga, hakunifukuza. Anarudi kutoka kazini, anasalimu, anakula, anakwenda kukaa na mama yake. Mchungaji ameniambia Mungu amenisamehe, na ninaamini. Lakini aliyefungiwa mlango si Mungu.

Siku hizi wifi huja wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa vya kutosha kuufikia mwani. Anakuja lakini hasemi. Amegundua kwamba Mama asiposikia sauti yake, hamfukuzi. Anavua viatu, anakaa nyuma ya kiti, anamfumua nywele, anampaka mafuta, anamsuka upya. Saa nzima bila neno hata moja. Mama anadhani nimepata msaidizi.

Wiki iliyopita Mama akaniita karibu, akaninong'oneza, "Huyu bubu wako ana mkono mwepesi. Mwepesi kama wa..." Akatafuta. Hakukumbuka wa nani.

Wifi alijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa na mafuta.

Nilishindwa kukaa hivi hivi nikitazama, nikachukua Biblia. Ilijifungua yenyewe pale pale, imeshazoea. Karatasi nilishaichoma zamani, lakini alama ya kidole cha Mama ipo, duara dogo la mafuta juu ya majina. Nikasoma kilichoandikwa, kwa mara ya kwanza. Fulani akamzaa fulani. Fulani akamzaa fulani. Ukurasa mzima ni wazazi na watoto wao, hakuna aliyetajwa bila mwanawe. Hapo ndipo kidole chake kilipotua siku ile, na mimi nikaona hakuna jibu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuitika.

"Hao wote wana watoto?" akauliza.

"Wote, Mama."

"Wana bahati," akasema, na kichwa chake kimelala kwenye mikono ya mwanawe.

Wewe unayemsomea mtu asiyeona, au asiyejua kusoma, au mgonjwa asiyeweza kushika kitabu, nakuomba umsomee kilichoandikwa. Usitie chako, hata ukiwa na haki ya kukasirika. Moyo wako unaweza kubadilika baadaye, wangu umebadilika, lakini ulichokwisha kukitia kwenye sikio la mtu hakikungoji ubadilike. Ukikuta ni majina matupu, msomee majina.