Kahambu Anashuka Goma Kupimwa

Kahambu alikuwa muuza maharage Rutshuru. Hospitalini Goma walimkata titi la kushoto kwa sababu ya kansa, na alipomaliza matibabu, munganga Wivine alimwambia, "Kupona si mwisho, mama. Kila miezi sita urudi nikupime." Hakukosa kamwe, mpaka vita vilipofunga barabara.

Miezi ikapita. Siku moja akioga, vidole vyake vikagusa kitu kigumu pembeni mwa kovu. Akaanza kufunga mzigo. Mume wake, Hilaire, akasimama mlangoni.

"Watu wanakufa mu ile barabara. Si walishakukata? Bakia hapa."

"Kama ningebakia hapa ile mara ya kwanza, ungekuwa umeshanizika. Toka mlangoni."

Hilaire akatoka. Tena yeye mwenyewe akaenda kumwita Benny, dereva wa pikipiki.

Mbele ya Rumangabo wakakuta bariera imekata barabara. Mwenye bunduki mmoja akamkodolea macho kifuani, upande aliojaza kitambaa.

"Unaficha nini hapo?"

"Titi."

Wenzake wakaangua kicheko. "Toa!"

Wasafiri wengine waliosimamishwa hapo wakainamisha vichwa. Kahambu akatia mkono ndani ya blauzi, akachomoa kitambaa na kumwekea yule mtu mkononi.

"Shika. Lenye lilikuwa na ugonjwa munganga alilikata. Minaenda anipime. Kama unataka kuona na kovu, sema kwa sauti, hawa watu wote wasikie."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mtu akabaki ameshika kitambaa, hajui akiweke wapi. Mkubwa wao akasema, "Murudishie. Aende."

Walipopita, machozi ya hasira yakamtoka. Benny akauliza kama warudi.

"Endesha!"

Goma, Wivine alimpapasa taratibu, akatoa kipande kidogo cha kile kitu kigumu kwa sindano. Kahambu akasubiri majibu kwa dada yake, mtaani Katindo, usingizi ukimpaa. Yalipokuja, hayakuonyesha kansa: ni kovu lilikuwa limekomaa.

Aliporudi Rutshuru, hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa Annonciata, jirani aliyekatwa titi kama yeye na ambaye tangu vita vianze hakupimwa tena.

"Safari ijayo tunaenda wote," akamwambia.

"Ninaogopa, mama Kahambu."

"Ogopa tu. Lakini utaogopea juu ya pikipiki."