Ng'ombe Wangu Katika Fiwi za Bibi Anastazia

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Ilikuwa kiangazi, wakati ambao huku Biharamulo nyasi zote zimeshakauka na moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda juu ya miti, jua linachomoza jekundu na unaweza kulitazama usiumie macho. Nilikuwa nyuma ya ng'ombe wa baba yangu, fimbo begani, napiga mluzi. Nilikuwa kijana wa kuoa. Kichwani nilikuwa nimeshaoa, nimeshajenga, nimeezeka bati, na watoto wawili wameshaanza kunisumbua. Miguu tu ndiyo iliyokuwa inachunga.

Nakusimulia haya kwa sababu ya jana. Ulisimama pale kwenye uzio na ng'ombe wetu, ukaniuliza kwa nini tunaacha majani mabichi yote yale yaoze shambani wakati mbavu za ndama zinahesabika. Uliuliza kwa adabu, lakini niliona ulivyonitazama, kwamba mzee ameanza kuzeeka vibaya. Nikakujibu kwa mkato na kuingia ndani. Unisamehe. Swali lako nilikuwa nalo mimi kabla hujazaliwa, tofauti ni kwamba mimi sikumuuliza mtu. Niliingiza ng'ombe.

Sisi tulikuwa wageni hapa. Baba alitoka Shinyanga na familia yake na mifugo yake akitafuta malisho, na wenyeji wakatupa mahali pa kukaa ukingoni mwa kijiji. Jirani yetu wa karibu alikuwa mjane wa Kisubi, mwenyeji wa huku, Bibi Anastazia. Alikuwa mfupi, mwembamba, anatembea polepole kichwa kimeinama kidogo, ungedhani kuna kitu anakisikiliza ardhini. Alikuwa na shamba moja tu, hilo hilo la nyuma ya uzio wetu, na kaburi la mumewe lilikuwa pembeni yake. Lakini shamba lilikuwa limechoka. Mahindi yalitoka ya njano, na mavuno yake ungeyapukuchua kabla maji ya ugali hayajachemka. Mwanawe alikuwa na mgahawa Nyakanazi, pale malori yanapopumzika, naye alikuwa amemwambia waziwazi: mwaka mmoja tu, mama, shamba lisipokulisha nakuchukua. Bibi hakutaka kuchukuliwa. Alitaka kuishi na kuzikwa karibu na mumewe, basi. Kijiji kizima kilijua hivyo, na mimi nilijua.

Akawa anafanya jambo ambalo sisi vijana tulilicheka. Mvua za Februari zikianza, anapanda mahindi. Akishayapalilia mara ya kwanza, yamefika magotini, anarudi na kibuyu chake cha mbegu na kupanda fiwi, maharage yale yanayotambaa, katikati ya mistari. Mahindi yanapanda juu, fiwi zinatambaa chini kivulini, hakuna anayemsumbua mwenzake. Mahindi yakivunwa, ndiyo kwanza fiwi zinachangamka. Zinafunika shamba lote, zinatoa maua ya zambarau, na kiangazi kizima zinabaki mbichi. Naye hazing'oi! Anachuma maganda machache ya mboga na mbegu za mwakani, mengine anayaacha yalivyo. Tulisema bibi amelima majani. Tulicheka sana.

Basi asubuhi ile nikafika kwenye shamba lake. Pande zote nchi ilikuwa ya kahawia, na katikati ya moshi ule palikuwa na kijani kimoja tu, kimelala kimya, kina umande. Ng'ombe walisimama wote kwa pamoja. Kwetu Usukumani mavuno yakishaingia ghalani, mashamba yanakuwa wazi, ng'ombe wa yeyote wanakula mabua ya yeyote, na hakuna kinyongo. Nikajiambia, mahindi ya bibi si yameshavunwa? Nikateremsha fimbo begani. Wakaingia.

Nikapanda juu ya kichuguu nikakaa. Mwanangu, nikuambie ukweli, ilikuwa nzuri. Ng'ombe walizama kwenye majani mpaka matumboni, ukaona migongo tu ikielea katika moshi, na sauti ya kuchana majani ikawa moja, nzito, ya polepole, mpaka macho yakaanza kunifumba. Nilijiona nimekuwa mwenye mali. Nilimwona na yule binti niliyekuwa namtaka akija na kibuyu cha maziwa. Sikumbuki nilikaa pale muda gani.

Nilipofumbua macho, Bibi Anastazia alikuwa amesimama mbele yangu.

"Shikamoo, bibi!" nikamwamkia kwa furaha, mtu aliyetoka ndotoni.

Hakuitikia.

Unajua watu wa huku. Wanaweza kushitakiana, wakawa na kesi ya mpaka tangu babu zao, na bado mdogo ataamkia na mkubwa ataitikia. Mkubwa akikunyima marahaba, amekutoa katika watu. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Yeye akainama, akaokota mzizi mmoja uliokanyagwa, akaukung'uta udongo na kuushika kiganjani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado kidogo, bibi," nikajibu. Ndivyo nilivyojibu, Mungu anirehemu.

Akaondoka, akaenda kwetu. Muda si mrefu nikamwona baba anakuja peku, na baba hakuwa mtu wa kutoka bila viatu vyake vya matairi. Hakunigusa. Alizunguka shamba lote, akatazama ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu, majani yamekwisha, vikonyo vimelala. Kisha akasimama karibu na kichuguu changu.

"Nyumbani tunapafungaje mahali pa majani, yasiguswe mpaka kiangazi kiwe kikali?" akaniuliza.

"Tunaweka ngitili, baba."

"Na anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu kabla mwenyewe hajaifungua?"

Mtu wa namna hiyo, kwetu, hata moto wa kuwashia jiko hapewi.

"Huyu mama hana ng'ombe," baba akasema. "Ana udongo. Hii ilikuwa ngitili ya udongo wake, miaka miwili anaulisha. Wewe umeimaliza asubuhi moja, umekaa."

Alisema neno lile "umekaa" kwa upole, na lilinichoma kuliko fimbo. Nilikuwa sijawahi kuona aibu ya kweli mpaka siku ile.

Baba alimpeleka bibi mtamba mmoja mzuri, mwekundu, wa kumwomba radhi. Bibi alimtazama mtamba, akamtazama baba.

"Nitamlisha nini?" akasema. "Chakula chote huyu kijana wako amekimaliza. Mrudishe. Nipe kijana, aje na jembe."

Ndivyo nilivyopoteza uchungaji. Kila asubuhi nilikwenda kwake, nikamwamkia, naye akaninyooshea kidevu upande wa kazi. Alizungumza na mimi vizuri tu, alinipa na uji, lakini salamu yangu aliiacha ining'inie mlangoni. Nilibeba samadi ya zizi letu kwa tenga, kichwani. Sisi samadi tulikuwa tunairundika tu, ikizidi tunahamisha zizi, tunajivunia wingi wake. Bibi aliishika kwa vidole, akainusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko kwamba mali yote ile ilikuwa inalala bure.

Siku moja alining'olea shina la fiwi lililosalia. Kwenye mizizi palikuwa na vijifundo, vidogo kama shanga. Alipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu.

"Hivi ndivyo vinavyopika chakula cha udongo," akasema. "Majani juu ni kifuniko cha chungu. Wewe ulifunua chungu changu kabla hakijaiva."

Lakini samadi ya mwezi mmoja haiwezi kufuta kosa la namna ile. Mvua ya kwanza ya Septemba ilishuka kwa hasira, ikakuta shamba liko uchi, limekanyagwa. Haikuingia ardhini. Ilipita juu, ikachukua udongo, ikashuka nao njiani ikiwa nyekundu mpaka mbele ya nyumba yetu. Bibi Anastazia alisimama mlangoni kwake, mikono kifuani, akiangalia shamba lake linavyopita. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani kwake nisilowe, na nilitamani kulowa.

Mahindi ya msimu ule hayakuwa mahindi. Januari mwanawe akaja na pikipiki ya kukodi. Bibi hakubishana, alikuwa ameshakubali neno lake. Alifunga mlango, akaenda kwenye kaburi, akang'oa majani mawili matatu, kisha akanikabidhi kile kibuyu cha mbegu.

"Usizipande siku moja na mahindi," akaniambia. "Zitayaparamia zitayalaza. Subiri upalilie kwanza. Na ukishavuna, mkono wako uutulize."

"Sawa, bibi. Safari njema. Shikamoo."

Pikipiki ikawaka. Hakugeuka.

Nililima shamba lile peke yangu, na wenzangu sasa wakanicheka mimi. Nilipanda mahindi, nikapalilia, nikapanda fiwi. Nilizungushia miiba kwa mikono hii. Nikalala sana pembeni ya shamba lile mchana, nakiri, maana kijani kile na nyuki kwenye maua ya zambarau vilinitia usingizi mtamu ambao sijaupata tena popote. Lakini sasa nilipoota, nilimwota bibi anapita katikati ya mistari, na kila nilipotaka kumwamkia sauti haikutoka.

Kiangazi nilibeba mahindi niliyovuna nikampelekea Nyakanazi, na udongo kidogo nimeufunga kwenye kitambaa. Nilimkuta nyuma ya mgahawa anamenya ndizi, malori yananguruma barabarani, vumbi na moshi wa dizeli vinamwingia machoni. Nikamwamkia. Akapokea kitambaa, akakifungua, akanusa.

"Vumbi," akasema, akakifunga. Akaniuliza kama kaburi limeota majani, akanipa chakula, nikarudi.

Mwaka uliofuata nikaenda tena. Safari hii niliuchimba udongo chini ya fiwi, alfajiri, na ingawa ilikuwa Agosti ulikuwa bado una unyevu. Ulikuwa umekuwa mweusi kidogo, unashikamana. Na nyungunyungu mmoja alikuwemo, alisafiri na basi mpaka Nyakanazi bila nauli. Nilimkuta bibi mahali pale pale, amekonda zaidi. Nikasema shikamoo. Akafungua kitambaa, yule nyungunyungu akajinyoosha kiganjani mwake. Bibi akainamisha uso, akanusa, akafumba macho. Lori moja likapiga honi, likaondoka, likaja jingine.

Kisha akaniangalia.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nililia, sikufichi. Nililia mbele ya madereva wa malori, na mmoja wao, mtu nisiyemjua, akanisogezea kikombe chake cha chai. Nilipoinua uso bibi alikuwa ameshaingia ndani, anafunga nguo zake kwenye kitenge. Mwanawe alijaribu kusema neno. Bibi akamwekea ule udongo mkononi.

Bibi alirudi siku ile ile. Aliishi hapa miaka yake iliyobaki, akila jasho la shamba lake, na kila asubuhi aliitikia salamu yangu. Alipofariki tulimzika kando ya mumewe, pale unapoona maua ya zambarau yamepanda juu ya mawe. Mwanawe akatukabidhi shamba tulilime, kwa sharti moja ambalo sihitaji kukutajia.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usitazame shamba lililovunwa ukasema limemaliza kazi. Wakati ghala letu limejaa na sisi tumepumzika, ndipo lenyewe linapokula, na aliyekulisha mwache naye ale. Panda mahindi, palilia, weka fiwi kati ya mistari, na mavuno yakiisha utulize mkono wako. Ndama wana njaa, najua, nami nawaonea huruma. Chukua panga, kata mzigo mmoja pale ukingoni uwapelekee zizini, na samadi yao uirudishe shambani kwa kichwa chako mwenyewe, usimtume mtu. Na mwakani tufunge ngitili kule bondeni mapema, tusingoje mbavu zihesabike. Lakini uzio ule usiufungue. Hata mimi nikiwa nimelala pale kando ya Bibi Anastazia, na siwezi tena kukukataza, usiufungue.

Na ukikosea, maana utakosea, usikimbilie kutoa mtamba. Nenda na jembe, uamkie, uvumilie kimya cha uliyemkosea mpaka kazi yako imfikie.

Mungu akupe mvua zinazoingia ardhini bila kukimbia. Akupe udongo wenye unyevu katikati ya kiangazi, na usingizi mtamu wa mchana kando ya shamba usilolidhulumu. Na kila mlango utakaoufikia asubuhi ukasema shikamoo, ndani yake awepo wa kukuitikia.