Chumvi Chini ya Shuka

Kwa kuonja chumvi hakuna anayeniweza, na mashahidi ni majirani zangu, ambao kila nikiwakaribisha kula huniambia wameshiba. Basi nimwachie mwenye kazi aseme.

Jua ndiyo kwanza linachomoza. Mvuna chumvi, mzee wa miaka sitini na mitatu, anafungua kamba kwenye vigingi vinavyozunguka kidimbwi cha maji ya bahari. Kamba zimeshika shuka. Ilikuwa ya maua. Leo kuyaona ni kazi.

Anaikunja pembe kwa pembe, asimwage kilichomo. Ni masizi, meusi ti, ya usiku mmoja.

"Haya yote yangekuwa ndani ya chumvi," anasema. "Na wewe dada yangu ungeyala, ukanisifu."

Wenzake wanamwita Bwana Harusi, kwa ajili ya hayo matandiko.

Vidimbwi vyake sita viko kati ya bandari na mtaa wa viwanda. Huku malori yanangoja mizigo injini zikinguruma. Kule bomba la kiwanda halijui mapumziko. Usiku upepo ukitulia, moshi nao huchoka, ukashuka kulala juu ya maji. Asubuhi bahari ina utando kama supu iliyopoa.

Zamani alivuna magunia kumi na mawili kwa mwezi. Sasa akipata matano meupe anashukuru.

"Mtu anashika chumvi yangu ananiuliza, mzee, hii saruji?" anasema, wala hacheki. "Nimechoka. Bahari siwezi kuiosha. Moshi siwezi kuukamata. Nikaona nitandike."

Leo anakuja mwoka mikate, mnunuzi pekee aliyembakia. Safari iliyopita alirudisha mzigo mzima. Wateja waliona vidoa vyeusi kwenye mkate wakadhani ni sisimizi. Akasema ikiwa ya kijivu tena, kila mtu na njia yake.

Anafika, hataki hata kiti. Anamimina chumvi kiganjani, anaisugua, anaigeuzia jua. Mzee anatazama pembeni kama mtu anayesubiri sindano.

"Nyeupe," anasema mwoka mikate.

"Si nilikwambia?"

"Hata ile ya saruji uliniambia nyeupe. Sikiliza, mzee wangu. Nitachukua ya vidimbwi vyote, lakini vyote viwe hivi. Naona vitatu vina shuka, vitatu viko uchi."

"Shuka tatu nyingine zinakuja."

"Unazitoa wapi?" namuuliza, maana pindo lina ushonaji wa mkono, si wa kutupa.

"Mitumba," anajibu upesi. "Sokoni huko."

Nia yake, anasema, ni kupata nailoni nzito inayopitisha jua, afunike mchana na usiku. "Hapo moshi utafute mtu mwingine wa kumsumbua." Analisema hilo akiwa amekaa chini, mikono magotini, kama mtu aliyelisema mara nyingi.

Mkewe anatokea na chupa ya chai. Anatusalimia, anamimina, anampa mgeni kikombe.

"Mama, mumeo ana akili," mwoka mikate anamwambia. "Kununua shuka hizi kumeniokoa hata mimi."

"Kununua?"

Mama anaweka chupa chini. Anakwenda kwenye kidimbwi ambacho bado kimefunikwa, anashika pindo, analigeuza. Ua dogo la uzi mwekundu. Analipapasa kwa kidole kama anayepapasa kovu lake mwenyewe.

"Baba watoto, si uliniambia shuka zangu zimeibwa kambani?"

"Ziliibwa."

"Ukamkimbiza mwizi mpaka barabara kuu, akakushinda mbio. Nikakukanda miguu kwa maji ya moto."

"Sasa huyo mwizi," mzee anasema, akitafuta kitu ndani ya kikombe, "huenda ndiye aliyepeleka mitumba."

Mwoka mikate anageuka kutazama bahari. Mabega yake yanatikisika.

Mama anazunguka kidimbwi chote. Anazitazama zile pembe zilivyovutwa sawasawa, hakuna hata kunyanzi moja.

"Basi mwizi wetu anajua kutandika," anasema. "Miaka thelathini na minne nyumbani kwangu hajawahi kugusa kitanda."

"Na kuna tatu nyingine zinakuja," mwoka mikate anachomekea.

"Tatu?" Mama anamgeukia mumewe. "Anakuja kuziiba lini? Nimwachie mlango wazi?"