Matawi ya Mkaratusi Kwenye Njia ya Gitega

Kabla ya safari ya kumrudisha mama Gitega nilisoma maonyo yote ya usalama niliyoweza kuyapata, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nikanunua filimbi, tochi mbili, na bandeji za kutosha kikosi kidogo. Mama alikuwa ameikimbia Burundi kwa miguu, sufuria kichwani na mimi mgongoni. Aliutazama mzigo wangu akauliza kama tunarudi nyumbani au tunakwenda kufungua duka.

Hatari ambayo sikuisomea ilikuwa gari langu mwenyewe. Burundi magari hupita kulia, na usukani wangu wa Kitanzania uko kulia vilevile. Nikitaka kulipita lori, sikuona kitu ila matako yake. Mama, aliyekaa kushoto, ndiye akawa jicho langu. Tangu mpakani hadi Muyinga, kila nilipomuuliza kama njia ni nyeupe alijibu, "Ngoja." Tulilifuata lori moja la ndizi hata vijana wa baiskeli walioling'ang'ania nyuma wakaanza kutupungia mkono kama jamaa zao.

Tulipoiacha Muyinga, kabla ya kona moja mlimani, tukakuta matawi ya mkaratusi yametandazwa barabarani.

"Geuza," mama akasema.

Nikasimamisha gari, nikamweleza kwa sauti ya mhadhara kwamba siku hizi matawi ni alama tu: mbele kuna gari limeharibika. Akasema enzi zake pia yalikuwa alama. Aliyesimama kwenye matawi hakufika alikokuwa akienda. Kaka yake mkubwa alisimama.

Dada yake mama alikuwa akimngoja Gitega, mtu wa mwisho aliyebaki wa tumbo lao, na mama alikuwa anafunga kilemba upya, tayari kurudi Tanzania kwa miguu ikibidi. Nikarudia kwamba hakuna hatari yoyote. Ndipo nikagundua nimeshika filimbi.

Mwanamume mmoja akatokea kwenye kona, mikono imejaa grisi. Mama akanishika mkono. Yule mtu akaja moja kwa moja kwenye dirisha la kushoto, anakokaa dereva katika nchi yenye akili, akainama, akamkuta mama.

"Jambo mama. Kumbe ni we shofere?" Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu. "Kamyo yangu iko panne. Tairi. Uko na kriki?"

Lori lake lilikuwa limeharibika tairi, alitaka jeki.

"Mimi ni macho tu," mama akasema. "Dereva ni huyo mwenye filimbi."

Yule mtu akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu mpakani.

Jeki ilifanya kazi yake, tairi likabadilishwa, lori likawashwa. Lakini mama alikuwa ameshuka, anayaokota matawi na kuyatupa mtaroni. Dereva wa lori akamwambia ayaache tu, magari yatayasaga.

"Watu bado wanarudi," mama akasema. "Wasiyakute."

Dereva akazima injini, akashuka. Tukayaondoa sote, mpaka vijiti.

Lori likatangulia, likipanda mlima taratibu kwa moshi mwingi. Nilikuwa nimejiandaa kulifuata hadi Gitega. Mama akatoa kichwa dirishani, akaangalia mbele.

"Pita," akasema.