Safu ya Tatu

Niliporudi Birmingham na shahada yangu, nilimcheka shangazi kwa sababu ya daftari lake. Lilikuwa na safu tatu: neno la Kiingereza, aliyelisema, na kilichofuata. Maana hakuandika hata moja. Nikamnunulia kamusi nene. Akaitumia kuzuia dirisha lisijifunge.

“Kamusi haijawahi kufanya kazi ghalani,” alisema.

Neno *settle* lilikuwa na kurasa mbili. Mwalimu aliwaambia watoto wa-*settle*: wakanyamaza. Muuguzi alisema tumbo lita-*settle*: likatulia siku ya tatu. Afisa wa uhamiaji naye alilisema, na kibali kikaja.

Kisha boksi likamwangukia mkononi kazini, kwenye ghala la Washwood Heath. Meneja akampa karatasi. “Anataka tu-*settle*, tusonge mbele,” shangazi aliniambia. “Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mposaji.”

Utamu huo ndio ulionitia shaka. Niliisoma karatasi mara tatu. Ilisema suala la mkono limekwisha, hatadai lolote. Kuhusu kazi yake ilikuwa kimya, na kimya hicho sikuweza kukithibitisha kuwa mtego.

“Umesoma miaka mitatu ili uniambie hujui?” akauliza, akafungua daftari.

Meneja huyohuyo alikuwa amelisema neno hilo mara mbili kabla. Kwa mama mmoja wa Kongo aliyeumia mguu: *hakuonekana tena*. Kwa dereva wa forklift, gari la kuinulia mizigo, aliyeumia mgongo: *hakuonekana tena*.

Juu kidogo niliona neno *soon*, hivi karibuni. Aliyelisema: mimi, kutoka chuoni. Safu ya tatu: *hakupiga simu*. Nikafunua ukurasa haraka.

Ijumaa nilimsindikiza. Meneja alitabasamu, akasema tena tu-*settle*, akasogeza kalamu. Shangazi akamwomba aongeze mstari mmoja tu, kwamba atarudi kwenye zamu yake.

“Hilo halihitajiki,” meneja alisema.

“Basi liandike. Halitakuuma.”

Meneja alitazama karatasi, akatazama mlango. Akasema itabidi awaulize wakubwa. Shangazi akaifunika kalamu, akamrudishia.

Jumatatu aliingia zamu yake na bendeji mkononi, bila kusaini. Neno la Ijumaa limo daftarini, ila safu ya tatu bado tupu. Shangazi hataki tulizungumzie. Lakini kila jioni nikimsikia anavua viatu mlangoni, nalitoa kwanza daftari mkobani mwake, naitazama safu ya tatu, halafu ndipo namsalimu.